Senti 28 za kutuma, milioni 4 za kukubaliwa

Ikisiri ya maneno 300, ikichapwa katika faili la kawaida, haizidi kilobaiti 30. Mwaka 2021 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania iliweka kikomo cha bei ya intaneti ndani ya bando: shilingi 9.35 kwa megabaiti moja. Kwa bei hiyo ya juu kabisa, kuituma ikisiri yako kwenye kongamano lolote duniani, ukiwa umekaa kibarazani Mtaa wa Kongo, Kariakoo, kunagharimu senti 28. Hata pipi hupati kwa kiasi hicho, na senti zenyewe hazionekani tena mifukoni mwa watu.

Kwa hiyo anayesema hajawahi kutuma ikisiri kwa sababu hana pesa, atafute sababu nyingine. Naye anayetuma bila kujua kukubaliwa kunagharimu kiasi gani anajitafutia fedheha. Gharama mbili kubwa hazionekani kwenye simu: saa zinazotangulia barua pepe, na safari inayofuata baada ya jibu zuri.

Tuanze na saa. Makongamano mengi ya fasihi yanayofanyika mwisho wa mwaka hutoa mwito wa ikisiri katikati ya mwaka, yaani wakati wa kipupwe, kusi ikiwa imeshika na usiku wa Dar es Salaam ukishuka hadi nyuzijoto 18 au 19. Mtu wa Njombe atatucheka, lakini hapa hiyo ni baridi ya sweta, na mama ntilie wa Gerezani anamaliza sufuria ya supu kabla jua halijapanda. Ndiyo pia majira ya Saba Saba. Kutoka mikoani watu wanashuka kufuata maonyesho ya Barabara ya Kilwa, wanamalizia manunuzi Kariakoo, na mwenye fremu hana nafasi ya kunyanyua kichwa. Tangu Februari 2025, biashara ya saa 24 ilipozinduliwa hapa, hata usiku si wa kusomea tena kwa aliyeamua kufungua.

Sasa mchukue kijana mwenye shahada ya Kiswahili anayeuza vitenge kwenye duka la mjomba wake. Wapo wengi wa namna hiyo, na wengine wanamjua Kezilahabi vizuri kuliko wanaolipwa kumfundisha. Anataka kuandika juu ya Rosa Mistika, riwaya ya mwandishi huyo ya mwaka 1971. Kuirudia riwaya kwa makini, kusoma makala nne au tano za waliotangulia, kuandika, kufuta na kuandika tena: tumpe saa 20, na hapo hatujamwonea. Saa hizo zina bei gani? Kima cha chini cha mshahara serikalini, tangu Julai 2025, ni shilingi 500,000 kwa mwezi. Sheria inaruhusu saa 45 za kazi kwa wiki, ambazo ni saa 195 kwa mwezi. Saa moja basi inakuwa shilingi 2,564, na saa 20 ni shilingi 51,280.

Nauli ni jambo dogo. Kilomita 10 za kwanza za daladala ni shilingi 600 kwa viwango vilivyoanza Desemba 2023, na Mlimani, kilipo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iko mbele kidogo ya hapo. Weka 2,000 kwenda na kurudi, umekwishafika kwenye rafu za TATAKI, taasisi ya Kiswahili ya chuo hicho, iliyozaliwa mwaka 2009 kwa kuunganisha taasisi ya uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) na idara ya Kiswahili. Asiyetaka kupanda gari atembee mpaka Barabara ya Bibi Titi Mohamed, kwenye Maktaba Kuu ya Taifa iliyofunguliwa Desemba 1967. Na tusisahau kwamba hicho chuo kikuu tunachokiona cha mbali, cha watu wa kilimani, kilianzia hapahapa. Oktoba 1961 kilifungua milango Mtaa wa Lumumba, kwenye jengo la TANU, kikiwa na wanafunzi wa sheria wasiofika 15. Kariakoo haina sababu ya kukiogopa.

Kuna mahali muuza vitenge wetu atakwama kwa muda: pale fomu inapouliza taasisi anayotoka. Wengi hufunga simu hapo. Aandike "mtafiti wa kujitegemea, Dar es Salaam", asonge mbele. Kuandika hivyo ni halali na wahakiki wamekwishazoea.

Tena asisahau kwamba ikisiri ni ahadi yenye kipimo. Wasilisho la kawaida ni dakika 15 hadi 20. Msomaji asiyekimbia hutamka kama maneno 120 kwa dakika, kwa hiyo dakika 20 ni maneno 2,400. Wakitaka makala kamili baadaye, hesabu maneno 6,000. Maneno 300 ya leo yanadai mara nane yake Novemba, na mara 20 yake kabla ya chapisho. Ukiona ikisiri yako inaahidi kuchambua riwaya sita, mashairi ya Shaaban Robert na nafasi ya mwanamke katika Afrika Mashariki yote, jua umeandika ahadi ya kitabu. Ichague riwaya moja. Ikiwezekana, mhusika mmoja.

Tuje kwenye safari. Kiwango cha kubadilisha fedha nakichukulia kuwa shilingi 2,600 kwa dola na 3,000 kwa yuro, na pale ambapo bei si ya serikali, naweka makadirio yangu ambayo msomaji ana ruhusa ya kuyabishia.

Kongamano likiwa Mlimani, gharama ni ada ya usajili, tuseme 50,000, na daladala za siku tatu, 6,000. Jumla 56,000. Likiwa Dodoma, treni ya SGR daraja la kawaida ilianza mwaka 2024 kwa shilingi 31,000, kwenda na kurudi 62,000. Gesti usiku tatu kwa 35,000 ni 105,000, chakula 45,000, ada 50,000. Hiyo ni 262,000. Duka halikufunguliwa siku tatu, na kwa kipimo chetu cha mshahara, mwezi ukiwa na siku 26 za kazi, ongeza 57,700. Karibu 320,000, yaani chini kidogo ya theluthi mbili za kima cha chini cha mwezi. Inauma, lakini mchezo wa kikoba unaweza kuibeba.

Halafu kuna ndoto ya Bayreuth, mji wa Ujerumani ambao wanazuoni wa Kiswahili wamekuwa wakikutana humo Mei au Juni kwa miongo kadhaa. Pasipoti ya kielektroniki ni shilingi 150,000. Viza ya Schengen, tangu Juni 2024, ni yuro 90, sawa na 270,000, na hairudishwi ukikataliwa. Bima ya safari lazima ifikie yuro 30,000 za matibabu. Kuilipia, weka 100,000. Tiketi ya ndege tuikadirie dola 900, ambazo ni 2,340,000. Malazi ya usiku nne kwa yuro 60 ni 720,000. Chakula na treni za huko, yuro 150, ni 450,000. Jumla ni shilingi 4,030,000. Koti sikulihesabu, soko la mitumba la Karume lipo. Kiasi hicho ni mshahara wa kima cha chini wa miezi minane bila kula wala kupanga chumba. Mshindi wa kwanza wa Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, ilipotolewa mara ya kwanza Aprili 2023, alipata milioni 10. Safari moja ya Bayreuth ingekula asilimia 40 ya tuzo kubwa ya uandishi nchini.

Kwa gharama, Nairobi iko katikati: Mtanzania halipii viza, anahitaji hati ya kusafiria, basi na mahali pa kulala.

Umbali na lugha vimekuwa vikiamua mambo tangu zamani. Juni 1962 waandishi wa Afrika wanaoandika kwa Kiingereza walikutana Makerere, Kampala. Ngũgĩ wa Thiong'o aliingia akiwa mwanafunzi mwenye hadithi fupi chache tu zilizochapishwa, na kwa kuwa alikuwa anasoma palepale, nauli yake ilikuwa sifuri. Shaaban Robert, ambaye kwa wingi na uzito wa kazi zake hakuwa na wa kulinganishwa naye Afrika Mashariki, hakuwa na nafasi kwenye kikao hicho, kwa sababu aliandika kwa Kiswahili. Alifariki mwezi huohuo. Leo kizuizi cha lugha kimepungua: tangu 2022 dunia inaadhimisha Siku ya Kiswahili kila tarehe 7 Julai, na makongamano yanayopokea ikisiri za Kiswahili yapo kuanzia Mlimani hadi Ujerumani. Kilichobaki ni nauli.

Waandaaji nao wana deni. Mwito wa ikisiri wenye kurasa mbili za mada ndogo, huku ada ikitajwa baada ya watu kukubaliwa, unamtega mtu asiye na mwajiri wa kumlipia. Waandike ada, malazi ya bei nafuu yaliyo karibu, na kama kuwasilisha kwa njia ya mtandao kunaruhusiwa, yote kwenye ukurasa wa kwanza.

Nawe unayesoma hili ukiwa nyuma ya meza ya vitenge: ikisiri ya kwanza itume Mlimani au Dodoma. Kwenye barua pepe hiyohiyo, kabla hujabonyeza, uliza sentensi moja: je, kuna punguzo kwa mtafiti asiye na taasisi? Swali hilo halifiki hata senti moja.