Maisha na Uzima: Maneno Mawili ya Ufupi wa Siku na Umilele katika Kiswahili cha Wakristo

Mtu afikaye Mbaraki, upande wa kusini-magharibi wa kisiwa cha Mombasa, hukuta aina mbili za ukumbusho. Kuna mnara wa matumbawe, wenye uwazi ndani, uliosimama kando ya msikiti wa kale tangu kabla ya mwaka 1728. Kuna pia makaburi ya askari wa Jumuiya ya Madola waliokufa katika Vita Kuu mbili za karne iliyopita. Mawe ya makaburi ya namna hii aghalabu hutaja jina, tarehe ya kufa na umri, nao umri huo mara nyingi ni mdogo. Jiwe huweza kuhesabu miaka. Haliwezi kueleza miaka hiyo ilikuwa ya nini.

Nia ya makala haya ni kuonyesha kwamba tofauti hiyo, baina ya wingi wa siku na ukamilifu wake, imo katika Kiswahili chenyewe, na kwamba tukiisahau tunapoteza sehemu kubwa ya maana ya kujiandaa kwa umilele katika imani ya Kikristo.

Tuanze na kaburi jingine, lililo ng'ambo ya kisiwa, upande wa Nyali. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844. Mwezi Julai mwaka huo huo mkewe, Rosine, alifariki kwa homa, na binti yao mchanga akamfuata baada ya siku chache. Rosine alitaka azikwe bara, ili wapitao, Waswahili na Wamijikenda, wakumbushwe jambo lililowaleta wamisionari. Krapf, ambaye naye alikuwa mgonjwa, alikwisha kuanza kutafsiri Mwanzo kwa Kiswahili. Kamusi yake ilichapishwa London mwaka 1882, baada ya kufa kwake. Kazi ya kutafuta maneno ya uhai na mauti ilianza, basi, mlangoni pa mauti.

Maneno mengi yalikuwa tayari katika vinywa vya wenyeji Waislamu. "Marehemu" ni mtu aliyerehemiwa. "Kufariki" ni kutengana. "Kiyama" ni kusimama. Biblia ya Muungano ya mwaka 1952 inalitumia "kiyama" katika Mathayo 22, na "ufufuo" katika Yohana 11. Wakristo hawakuyakataa maneno ya majirani zao. Waliyapokea, kisha wakayatia katika mazingira mapya.

Ama "maisha", ni neno la asili ya Kiarabu lenye kuhusu kuishi na riziki ya kuishi. Maisha huwa marefu au mafupi, magumu au mepesi. Sikio la Mswahili huweza hata kusikia "kuishi" karibu na "kwisha", ijapokuwa asili zao ni mbalimbali. "Uzima" ni neno la Kibantu, nalo lina tabia nyingine. Twasema siku nzima, yai zima, mtu mzima, na mtu akiulizwa hali hujibu, "Mzima." Wazo la msingi si urefu bali ni kutopungukiwa.

Kiyunani nacho kina maneno mawili, "bios" na "zoe". Katika Luka 8:14, panapotajwa anasa za ulimwengu huu, wafasiri wa Muungano wameweka "maisha" mahali pa "bios". Katika Yohana 17:3 wameweka "uzima" mahali pa "zoe". Hawakushika kanuni hiyo kila mahali: katika 1 Yohana 2:16 "bios" imekuwa "uzima". Lakini mfano wenye mafunzo zaidi ni Yakobo 4:14, ambapo kitu kinachofananishwa na mvuke utowekao kinaitwa uzima. Neno linalotaja kilicho kifupi ndilo linalotaja kile cha milele.

Hapa ndipo penye uzito wa jambo. Katika mahubiri ya mazishi husikika siku hizi "maisha ya milele". Mwandishi mwenyewe, alipokuwa akisoma ng'ambo, aliwahi kuliandika fungu hilo katika zoezi la tafsiri bila kuona kasoro. Kasoro ipo. Maisha ya milele ni siku zisizokwisha, na kujiandaa kwayo huwa kama kufunga mizigo kungojea safari. Uzima wa milele, kwa mujibu wa Yohana 17:3, ni kumjua Mungu. Na Yohana 5:24 husema kwamba aaminiye amekwisha kuvuka kutoka mautini. Kwa msingi huo, kujiandaa si kazi ya saa ya mwisho. Ni kuuishi leo uzima ambao kifo hakiukatizi. Aliyekufa na miaka ishirini aweza kuwa na maisha mafupi asiwe na uzima pungufu.

Wala hatusemi kwamba "maisha" ni neno bovu. Zaburi ya 90 inatutaka tuzihesabu siku, na kazi hiyo "maisha" yaifaa barabara. Tunachowaomba walimu na watunga kamusi ni kwamba maneno haya mawili yasifasiriwe kana kwamba ni mamoja. Mjane asimamaye kaburini Mbaraki hana haja ya kuelezwa kwamba miaka ilikuwa michache. Jiwe limekwisha kumwambia. Ana haja ya lile neno jingine, nalo Kiswahili kinalo.