Taya Lililovimba na Ramani ya Dk. Burkitt

Hakuna saratani ya binadamu inayojulikana kukua haraka kuliko limfoma ya Burkitt. Uvimbe wake unaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili. Leo mama anaona shavu la mwanawe limetuna kidogo na jino la nyuma linacheza. Wiki chache baadaye jicho limesukumwa nje na mtoto hawezi kutafuna. Lakini kasi hiyo hiyo ndiyo inayoifanya isikie dawa, maana dawa nyingi za saratani huziua seli pale zinapogawanyika. Dunia ilijifunza hayo kwa watoto wa Afrika, na sehemu kubwa ya somo ilitoka Kampala.

Mwaka 1957, Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland aliyekuwa Hospitali ya Mulago jijini Kampala, aliitwa na mwenzake Hugh Trowell amwone mtoto wa kiume aliyevimba mataya yote, juu na chini, kulia na kushoto. Usaha wa jino haushiki pande nne kwa mpigo. Muda si mrefu, akiwa Jinja, akaona kupitia dirisha mtoto mwingine mwenye uso kama ule, na alipompima akakuta uvimbe hata tumboni. Akaanza kupekua mafaili ya wagonjwa. Mwaka 1958 alichapisha katika British Journal of Surgery makala kuhusu watoto 38. Aliuita ugonjwa huo sarkoma, kundi la saratani za mifupa na misuli. Mmarekani Gregory O'Conor, mtaalamu wa patholojia aliyekuwa Kampala, ndiye aliyeonyesha kwa darubini kuwa ni limfoma, yaani saratani ya seli za kinga ya mwili.

Kilichofuata ndicho ninachokistahi zaidi katika kazi ya Burkitt. Hakuwa na maabara kubwa wala fedha. Ruzuku yake ya mwanzo ilikuwa pauni 25. Alichapa karatasi zenye picha za watoto hao, akazituma kwa posta kwenye hospitali za serikali na za misheni barani Afrika, akiuliza swali moja: je, mmeuona ugonjwa huu? Majibu akayatia kwenye ramani. Mwishoni mwa 1961, yeye na madaktari wenzake Ted Williams na Cliff Nelson waliondoka Kampala kwa gari kuukuu la Ford lililonunuliwa kwa pauni 250, wakapita Tanganyika, Nyasaland, Rhodesia na Msumbiji hadi Afrika Kusini. Safari ilikuwa ya takriban kilomita 16,000, hospitali baada ya hospitali.

Ramani ikasema jambo ambalo wodi moja isingeweza kulisema. Karibu na ikweta ugonjwa haukuonekana kwenye nyanda zilizozidi mita 1,500 hivi. Kadiri walivyoshuka kusini, ndivyo mpaka huo wa mwinuko ulivyoshuka. Ugonjwa ulikwepa pia maeneo makavu. Joto na mvua, basi, vilikuwa na mkono wao, na hapo kila mtu aliyefanya kazi Afrika aliwaza mbu. Zanzibar, penye joto na mvua tele, haukuonekana, na ni mahali palipokuwa na kampeni kali dhidi ya malaria.

Wakati huo mtafiti Anthony Epstein, aliyemsikiliza Burkitt akihutubia London Machi 1961, alikuwa akipokea vipande vya uvimbe vilivyosafirishwa kwa ndege kutoka Kampala. Mwaka 1964 yeye na wenzake Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza kuona virusi ndani ya seli hizo. Virusi vya Epstein-Barr ndivyo virusi vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Hapa pana hofu ya kuondoa: zaidi ya watu wazima tisa kati ya kumi duniani wanavyo virusi hivyo, hupita kwa mate tangu utotoni, na wengi hawaugui kabisa. Saratani yenyewe haiambukizwi. Mtoto mgonjwa akumbatiwe na ale na wenzake.

Kinachovigeuza virusi hivyo kuwa hatari ni malaria ya kujirudiarudia. Huichosha kinga ya mwili, na huzilazimisha seli za B, zinazotengeneza kingamwili, kugawanyika mfululizo huku zikikata na kuunga jeni zao. Siku moja kiungo kinakosewa: jeni iitwayo MYC inang'oka kwenye kromosomu ya 8 na kutua, mara nyingi, kwenye ya 14, katikati ya jeni za kingamwili. Ni kama mtu mtulivu aliyehamishiwa chumba kinachopakana na ukumbi wa ngoma. Hapati tena kulala. Jeni hiyo huamuru seli igawanyike bila kukoma, na virusi huikinga seli isife. Utafiti wa karibuni Uganda, Tanzania na Kenya umeonyesha kuwa watoto waliorithi jeni moja tu ya selimundu, ambayo hukinga dhidi ya malaria kali, hupata limfoma hii kwa nadra zaidi. Kwangu huo ni ushahidi mzito kuliko jaribio la kuwapa watoto klorokwini, dawa ya malaria, huko Mara Kaskazini nchini Tanzania kuanzia 1977 hadi 1982, ambapo ugonjwa ulipungua, ila ulikuwa umeanza kupungua hata kabla ya vidonge kugawiwa.

Na tiba? Kisu kilishindwa, na Mulago haikuwa na mashine ya mionzi. Burkitt akajaribu dawa: methotrexate, cyclophosphamide na vincristine. Watoto kadhaa waliopewa dozi chache tu walikuwa hai miaka baadaye, jambo geni kabisa kwa saratani za wakati ule. Mwaka 1967 kikaanzishwa Mulago kituo cha kutibu limfoma chini ya Mmarekani John Ziegler, kilichokua na kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Baadaye Charles Olweny, Mganda, akakiongoza.

Leo katika nchi tajiri watoto tisa kati ya kumi hivi hupona. Kwetu mara nyingi ni nusu au pungufu, na inauma, kwa kuwa dawa za msingi ni zile zile zilizojaribiwa kwa watoto wetu. Wengi hufika wamechelewa, baada ya kung'olewa jino ambalo halikuwa na kosa au kuzungushwa kwa waganga. Taya au tumbo linalovimba haraka, meno yanayolegea bila kuoza, jicho linalotokeza, miguu inayoishiwa nguvu ghafla: mtoto huyo apelekwe hospitali kubwa wiki hiyo hiyo, achukuliwe kinyama cha vipimo.

Siku za kwanza za matibabu zina hatari yake. Seli hufa kwa wingi mno hata mabaki yake yakaweza kuziba figo, ndiyo maana mtoto huwekewa maji ya mishipa na kupewa dawa ya kukinga figo kabla ya dozi. Dawa nyingine huchomwa mgongoni, kwa kuwa ugonjwa hujificha kwenye ubongo na uti wa mgongo. Kisha taya linashuka, mtoto anacheka na kula, na nauli imekwisha. Hapo ndipo baadhi ya familia huacha dozi zilizobaki. Limfoma hii ikirudi, kwa kawaida hurudi ndani ya mwaka wa kwanza. Mtoto aliyemaliza dozi zote na kuvuka miaka miwili bila dalili, madaktari humhesabu amepona.