BUGATTI: JINA LILILOKUFA MARA MBILI NA KURUDI TENA



Katika internat mabishano juu ya motokari hayaishi. Mmoja anasema Bugatti ni ya Wafaransa. Mwingine anasema hapana, ni ya Wataliano. Wa tatu anaapa kwamba ni ya Wadachi. Jambo la ajabu ni kwamba wote watatu wako na haki, kila mmoja kwa wakati wake. Lakini mimi naona ulizo kubwa haliko hapo. Ulizo ni hili: jina la kiwanda likiisha kufa, halafu tajiri akilinunua na feza yake na kulibandika kwa motokari mpya, ile motokari ni Bugatti ya kweli ao ni jina tu lililovalishwa chuma kingine? Nitaeleza habari yenyewe kwa utaratibu, kila mutu ajipatie jibu.

1. Mwanzo wake

Ettore Bugatti alizaliwa Milano, Italia, tarehe 15 Septemba 1881. Baba yake Carlo alikuwa fundi mashuhuri wa kutengeneza vyombo vya nyumba vya mbao, na mdogo wake Rembrandt alikuwa mchongaji wa sanamu za wanyama. Nyumba yao ilikuwa basi nyumba ya watu wa mikono na macho. Ettore mwenyewe aliingia kiwandani kujifunza kazi alipokuwa na miaka kama 17, umri wetu sisi wa kalasi za juu. Mwaka 1901 motokari aliyoifikiri yeye ilionyeshwa Milano na kupata zawadi. Hakuwa bado na miaka 20.

Alifanya kazi kwa mabwana mbalimbali huko Alsasi na Ujerumani. Alipokuwa Köln, alitengeneza motokari ndogo ndani ya chumba cha chini ya nyumba yake. Halafu mwaka 1909 alikodi nyumba ya kale iliyokuwa ya kutia nguo rangi, kule Molsheim, akaanza kiwanda chake mwenyewe. Wakati ule Alsasi ilikuwa chini ya Wadachi. Baada ya vita ya 1914-1918 ikarudi kwa Wafaransa. Mnaona sasa: Mutaliano, katika inchi ya Wadachi, anakuwa Mufaransa bila kuhamisha kiwanda. Ndiyo sababu mabishano yenu hayaishi!

Motokari yake iliyomletea sifa ni Type 35 ya mwaka 1924. Ilikuwa nyepesi, na magurudumu yake yalikuwa ya aluminyumu. Ilishinda Targa Florio, mashindano makali ya milima ya Sisilia, mara tano mfululizo tangu 1925 hata 1929. Mashindano ya kwanza ya Monako, mwaka 1929, yalishindwa na Bugatti vilevile.

Lakini sifa ina hatari yake. Ettore alitaka kutengeneza motokari ya wafalme. Akaiita Royale. Moteri yake ilikuwa ya litre 12.7, kubwa kuliko ya kamyo nyingi tunazoziona barabarani. Alifikiri kutengeneza 25. Alitengeneza 6, na wanunuzi walipatikana kwa 3 tu, maana mwaka 1929 feza ya dunia ilianguka, na wafalme wenyewe walianza kuhesabu. Zile moteri zilizobaki, mnajua alizifanyia nini? Alizitia ndani ya magari ya reli ya Ufaransa, tangu mwaka 1933, na kazi hiyo ilisaidia kiwanda kupata chakula. Hapo ninamheshimu sana: kitu kilichokataliwa na wakubwa akakigeuza kuwa kazi ya kusafirisha watu.

2. Kufa kwa kwanza

Mwana wake Jean ndiye alikuwa tumaini la kiwanda. Alizaliwa 1909, mwaka uleule wa kiwanda. Ni yeye aliyechora zile Type 57 ambazo watu wanazishangaa hata leo. Ile inayoitwa Atlantic zilitengenezwa 4 tu. Baba alikuwa mgumu kidogo kupokea mambo mapya. Freni za kuvutwa na kamba alizishika hata miaka ya 1930, wakati wengine walikwisha kutumia freni za mafuta. Mwana alikuwa anamvuta mbele.

Mwaka 1939 Bugatti ilishinda mashindano ya saa 24 ya Le Mans. Waendeshaji walikuwa Jean-Pierre Wimille na Pierre Veyron. Shikeni jina hilo la pili, litarudi. Wiki chache nyuma, tarehe 11 Agosti 1939, Jean alikuwa anajaribu ile motokari barabarani karibu na Molsheim, akataka kuepuka mutu wa kinga, akapiga mti, akafa. Alikuwa na miaka 30. Halafu vita ikaingia. Wadachi wakachukua kiwanda. Baada ya vita mzee alipaswa kupigana mbele ya mahakama ili kiwanda kirudi kwake, na tarehe 21 Agosti 1947 akafa yeye pia.

Waliobaki walijaribu. Motokari ya mashindano waliyoileta mwaka 1956 huko Reims haikumaliza mashindano. Mwaka 1963 kiwanda kikauzwa kwa Hispano-Suiza. Basi jina likanyamaza. Kiwanda hakikufa juu ya kukosa sifa. Kilikufa juu ya kukosa mrithi aliyefundishwa kazi. Sifa ilibaki nyingi sana, lakini sifa haijui kushika nyundo.

3. Kurudi kwa kwanza

Mwaka 1987 Mutaliano mmoja, Romano Artioli, mwenye biashara ya kuuza motokari, alinunua haki ya jina. Alijenga kiwanda kipya kabisa Campogalliano, karibu na Modena, fasi ambapo mafundi wa motokari za mbio wako wengi. Motokari yake aliiita EB110. EB ni Ettore Bugatti, na 110 ni kwa sababu ilionyeshwa tarehe 15 Septemba 1991, miaka 110 kamili tangu kuzaliwa kwa mzee.

Haikuwa kinyago. Moteri ilikuwa na silinda 12 na turbo 4. Nguvu ilikwenda kwa magurudumu yote manne. Shasi yake ilikuwa ya nyuzi za kaboni, iliyotengenezwa na Aérospatiale, kampuni ya ndege ya Ufaransa. Ile ya kwanza ilikuwa na nguvu ya farasi 560.

Sasa nini iliharibika? Feza. Wakati ule watu walioweza kununua motokari ya namna ile walipunguka, kule Ulaya na Japani. Tena mwaka 1993 Artioli alinunua kampuni ya Lotus ya Uingereza, mzigo juu ya mzigo. Mwezi wa Septemba 1995 kiwanda kilifungwa kwa kufilisika. Motokari zilizotoka hazikufika 150. Mafundi waliokuwa wameacha kazi zao za zamani ili waje kufufua jina kubwa, walijikuta inje ya mlango. Nyumba ile ilikaa miaka mingi wazi, bila kazi. Hapa ningetaka wale wanaopenda motokari wafikiri kidogo. Tunasemaka tu juu ya farasi na kilometa. Lakini jina linapoanguka, wanaoumia kwanza ni wale wenye mafuta mikononi.

4. Kurudi kwa pili: Veyron

Mwaka 1998 kampuni ya Wadachi, Volkswagen, ikanunua jina. Mkubwa wake alikuwa Ferdinand Piëch, injenieri mwenyewe. Aliwapa mafundi amri ngumu: nguvu ipite farasi 1000, mwendo upite kilometa 400 kwa saa, na tena mwenye gari aweze kuvaa nguo nzuri jioni na kuingia nayo mjini polepole bila taabu. Kazi ilirudishwa Molsheim, kwa nyumba ya kale ya Bugatti. Wakaiita Veyron, kwa heshima ya yule mshindi wa 1939.

Walimu wa fizike watanisaidia hapa. Kwa nini kilometa 400 ni kazi ngumu hivi? Kwa sababu ya hewa. Ukiongeza mwendo mara 2, hewa inakupinga kwa nguvu mara 4. Na kwa kuwa unakimbia mara 2 zaidi, moteri inapaswa kutoa kazi mara 8 kwa kila sekunde. Mara 2 ya mwendo, mara 8 ya farasi! Ndiyo maana motokari ya farasi 125 inaweza kufika kilometa 200 kwa shida, lakini kufika 400 inaomba farasi 1000.

Veyron ilipata farasi 1001 kutoka moteri ya litre 8, silinda 16, turbo 4, ikafika kilometa 407 kwa saa. Hiyo ni metre 113 kwa sekunde moja. Yaani unasema neno moja tu, "mama!", umekwisha kupita uwanja mzima wa mpira toka goli hata goli.

Tena joto. Katika moteri ya esansi, sehemu kubwa ya nguvu ya mafuta haifiki magurudumuni, inageuka joto. Farasi 1001 zinafuatana basi na moto wa kutosha kupasha nyumba nyingi za Ulaya wakati wa baridi. Ndiyo sababu waliweka radiatere 10 ndani ya gari moja. Na kwa mwendo wa mwisho kabisa, tanki ya litre 100 inaisha kwa dakika 12 hivi. Kuna hata ufunguo wa pili, wa kuomba ule mwendo wa mwisho: gari inajishusha karibu na udongo ndipo inakubali kukimbia.

Mwaka 2010 walitoa Veyron ingine ya farasi 1200. Mnafikiri iliongeza kilometa ngapi? Ilifika 431. Farasi 200 nzima juu ya kilometa 24 tu. Chukueni kalamu, pigeni hesabu na ile sheria niliyoandika, mtaona inakubali.

Kuuza kulianza 2005 na kuliisha 2015, gari 450 tu. Bei yake ilipita euro milioni moja. Na hata hivyo, wajuzi wa hesabu wa Ulaya walikadiria kwamba kila moja ilitia Volkswagen hasara ya mamilioni. Kwa nini basi kuitengeneza? Kwa sababu jina la namna hii halirudi na gari elfu mia. Likirudi na gari ya kawaida, watu watasema: kumbe ni ileile ya jirani, imebadilishwa jina. Inapaswa kuleta kitu ambacho hakuna mwingine amekwisha kufanya. Wahenga walisema: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Artioli alijua jambo hilo, lakini hakuwa na mgongo mkubwa nyuma yake wa kubeba hasara. Volkswagen ilikuwa nao. Ni hiyo tofauti, siyo akili.

Mwaka 2016 ikafuata Chiron, ya farasi 1500. Na mwaka 2021 Bugatti iliunganishwa na kampuni ya Mate Rimac wa Kroasia, kijana aliyezaliwa 1988, ambaye alianza kwa kutoa moteri ya BMW ya zamani na kuiwekea moteri ya umeme. Mwaka 2024 walionyesha Tourbillon, ambayo inachanganya moteri ya silinda 16 na moteri za umeme.

5. Ni ya kweli ao hapana?

Wengine wanasema: damu ya Bugatti iliisha, basi Bugatti iliisha. Mimi sikubali yote. Mzee Ettore mwenyewe hakupokea jina kwa baba kama zawadi ya motokari. Alipokea mbao na patasi, akafanya kitu kingine. Lakini sikubali vilevile wale wanaosema kwamba mwenye feza amenunua yote. Alichonunua Artioli mwaka 1987, na Volkswagen mwaka 1998, ni haki ya kuandika herufi saba. Herufi saba hazikimbii. Ilibidi mafundi walale kidogo na kuanza tena mara nyingi, ndipo zile herufi zikapata maana upya. Kwa kipimo hicho, EB110 ilikuwa Bugatti ya kweli hata kama ilifilisika, na Veyron ni ya kweli hata kama ni ya Wadachi.

Neno la mwisho ni kwa sisi wanafunzi. Shule yetu nayo ina jina, tulilikuta. Sisi wa sita tutatoka na diploma yenye jina hilo, na wale wa kwanza watalibeba nyuma yetu. Mutu asifikiri kwamba kuandikwa kwa kitabu cha shule kunatosha. Jina tunalikopa, na kila kalasi inapaswa kulilipa na kazi yake. Na kama mkubwa wa wanafunzi naongeza hili: mkubwa wa kalasi asiyefundisha mdogo wake anafanya kama kiwanda kisicho na mrithi. Kinang'aa, halafu siku moja kinanyamaza.

Yeye anayebisha, aandike jibu lake na kulipeleka kwa wenzetu wa gazeti mbele ya toleo linalokuja. Lakini alete na hesabu, asilete makelele tu.

Mkubwa wa wanafunzi,
kalasi la sita