Rundo la Matufe ya Mzinga: Mashine Imeridhika, Je, Msomaji?

Yasimuliwa kwamba mwishoni mwa karne ya 16, Sir Walter Raleigh wa Uingereza, baharia na mpiganaji, alimwuliza mwanahisabati wake Thomas Harriot swali ambalo mtunza bohari yeyote angeweza kuliuliza: matufe ya chuma ya mizinga, yakirundikwa juu ya sitaha ya meli, yahesabiwe namna gani? Harriot alijibu, kisha akaandikiana barua na Johannes Kepler, mtaalamu wa nyota. Mwaka 1611 Kepler akaeleza katika kijitabu chake juu ya theluji kwamba hakuna mpango wa matufe yaliyo sawa uwezao kuyasonganisha zaidi ya rundo lile la kawaida, ambamo kila tufe hukaa katika kishimo kilicho kati ya yale yaliyo chini yake. Kwa mpango huo matufe hujaza kama asilimia 74 ya nafasi. Muuza machungwa sokoni hupanga vivyo hivyo, wala hajapata kumsikia Kepler.

Lakini kujua ni jambo moja na kuthibitisha ni jingine. Wasomaji wetu wa polisi walifahamu hilo kabla yetu: mtaa mzima waweza kumjua mwizi, na bado hakimu akamwachilia kwa kuwa ushahidi haukuungana.

Rundo la Kepler lilikaa bila ushahidi uliounganika kwa karibu miaka 400. Mwaka 1998 Mmarekani Thomas Hales, akisaidiwa na mwanafunzi wake Samuel Ferguson, alitangaza kuwa ameuthibitisha usemi huo. Alitoa kurasa kama 300 za maandishi, na pamoja nazo programu na hesabu za kompyuta ambazo binadamu hawezi kuzipitia moja moja. Jarida la Annals of Mathematics liliweka wakaguzi 12. Walifanya kazi miaka kadhaa, wakachoka, wakatoa taarifa kwamba wana hakika kwa asilimia 99. Uthibitisho ukachapishwa mwaka 2005.

Hatuwalaumu wakaguzi hao, walisema ukweli. Hata hivyo, mtegua mabomu ya ardhini akikuambia kuwa njia ni salama kwa asilimia 99, je, utakubali kutangulia?

Hales hakukubali. Mwaka 2003 alianzisha kazi aliyoiita Flyspeck, ya kuuandika uthibitisho wote upya mbele ya programu ya kompyuta iliyotengenezwa kwa ukaguzi huo. Programu za namna hii hufanya kazi kwa kushirikiana na mtu. Mtu huandika hatua moja. Mashine huikubali au huikataa, na huonyesha kilichobaki kuthibitishwa. Ndani yake mna kiini kidogo kinachojua kanuni chache tu za mantiki, na hakuna neno linalopita bila kujengwa kwa kanuni hizo. Mashine haina habari ya cheo. Profesa akiandika kwamba jambo fulani ni dhahiri, hurudishwa kama kuruti aliyesahau neno la siri langoni.

Kazi hiyo ilimalizika tarehe 10 Agosti 2014, kwa juhudi za watu zaidi ya 20, miongoni mwao Wavietnam kadhaa, wakitumia programu za HOL Light na Isabelle. Makosa madogo yalionekana njiani yakasahihishwa. Usemi wa Kepler ukasimama. Taarifa kamili ilichapishwa mwaka 2017.

Hapa ndipo linapozuka jambo lililotufanya tuandike makala haya. Mashine imeridhika, je, mtu akifungua maandishi yale atasoma nini? Mara nyingi atakuta amri tupu. Tutoe mfano mdogo, kwamba nambari mbili za shufwa zikijumlishwa huzaa shufwa. Kwa mtindo wa amri, mtu huiandikia mashine hivi: fungua maana, vunja masharti, weka jumla ya k na m, maliza kwa hesabu. Mashine yaelewa, kwa sababu yaona hali ilivyo kila hatua. Msomaji haoni. Ni kama kupewa kumbukumbu ya doria isemayo geuka kushoto, hatua 300, geuka kulia, bila kutajiwa hata mara moja doria ilikuwa wapi.

Mtindo wa pili hutaja mahali. Chukua a na b, zote shufwa. Basi ipo k ambayo a ni mara mbili yake. Tena ipo m ambayo b ni mara mbili yake. Kwa hiyo jumla ya a na b ni mara mbili ya jumla ya k na m. Hivyo jumla hiyo ni shufwa. Mtoto wa shule aweza kuyafuata, na mashine pia hukagua kila sentensi.

Aliyetangulia katika njia hiyo ni Andrzej Trybulec wa Poland, aliyeanza mwaka 1973 kuunda lugha iitwayo Mizar. Baadaye, mwaka 1999, Markus Wenzel wa München, Ujerumani, aliipa programu ya Isabelle lugha ya Isar, akifuata nyayo za Mizar. Ni kweli kwamba mtindo huu humchosha mwandishi, maana aandika mengi zaidi. Lakini uthibitisho hauandikwi ukaachwa. Programu hubadilishwa, maana za maneno hurekebishwa, na maandishi ya zamani hukwama. Amri zikikwama, fundi hajui zilipotea wapi. Sentensi ikikwama, yenyewe humwambia kilichokuwa kikidaiwa. Sisi tungechagua uchovu wa mwandishi. Hales naye, ambaye sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa ya amri, ilimbidi atoe mwaka 2012 kitabu kizima cha kuwaeleza wanadamu ramani ya uthibitisho huo.

Msomaji wa jeshini atauliza, matufe ya Raleigh yamhusu nini leo? Mwaka 2009 wataalamu nchini Australia walimaliza kuthibitisha kwa Isabelle kiini cha programu ya kuendeshea kompyuta kiitwacho seL4: mistari 8,700 hivi ya programu, na uthibitisho wa mistari kama 200,000. Kiini hicho kimewahi kutumika katika helikopta isiyo na rubani nchini Marekani, katika mradi wa wizara ya ulinzi wa kuzuia adui asiteke kompyuta za chombo kikiwa angani. Uthibitisho wasema kwamba kiini hufanya yale yaliyoandikwa katika masharti yake. Kama masharti hayo ndiyo aliyoyakusudia mwenye helikopta, mashine haiwezi kujua. Hapo hapana budi mtu aketi, afungue karatasi, asome.