Kabla ya kununua kijibwa, mwone mama yake

Anayetafuta mbwa mdogo wa mbegu safi hapa Kolwezi huuliza bei kwanza, kisha rangi. Mimi naomba aanze na swali jingine: mama yake yuko wapi? Mfugaji aliyemzalisha mwenyewe atakupeleka uani umkute akinyonyesha. Mchuuzi atakuwa na maelezo: mama kabaki Lubumbashi, mama ni mkali, mama kauzwa. Ukisikia hayo, rudisha dola zako mfukoni, hata kama kijibwa anakulamba mikono.

Mama ndiye chanzo cha kinga. Katika siku yake ya kwanza mtoto wa mbwa hupata kingamwili kwenye dang'a. Humlinda kwa wiki kadhaa, lakini hizo hizo huizuia chanjo isishike, na huwezi kuona kwa macho siku zinapokwisha. Ndiyo maana chanjo ya parvo huanza kati ya wiki ya 6 na ya 8, ikarudiwa kila baada ya wiki 2 hadi 4 mpaka mbwa atimize wiki 16. Anayekuambia kijibwa wa miezi miwili "amemaliza chanjo" hasemi kweli. Dai kitabu chenye tarehe, kibandiko cha chupa na mhuri wa daktari wa mifugo, kisha uliza dawa ilihifadhiwa wapi. Chanjo hutaka baridi ya nyuzi 2 hadi 8, na kukatika kwa umeme wa SNEL tunakujua.

Parvo, iliyoenea duniani mwaka 1978, huharibu utumbo: mbwa hutapika, huharisha damu, na asipotibiwa haraka mara nyingi hufa. Dalili huchelewa siku kadhaa, kwa hiyo mbwa aliyenunuliwa Jumamosi akirukaruka aweza kuwa mahututi Ijumaa. Virusi hukaa udongoni miezi mingi. Ua uliokwisha kufiwa na mbwa kwa parvo usiletewe mwingine kabla hajakamilisha chanjo, na sakafu ioshwe kwa maji ya javel.

Jihadhari pia na udogo wa kughushi. Mtoto wa wiki tano wa mbegu yoyote ni mdogo, na wapo wanaomuuza kama mbwa "asiyekua". Fungua mdomo: kufikia wiki ya 8, meno yote 28 ya utoto kwa kawaida yameota au yanamalizikia. Kabla ya umri huo asitengwe na mama yake.

Lakini kuna ugonjwa usioonekana hata ukikagua meno na kitabu, na mfano wake mkubwa umetoka kwetu. Basenji ni mbwa wa Kongo, dume lake lina kimo cha sentimita 43 hivi na uzito wa kilo 11. Wachache walipelekwa Uingereza miaka ya 1930, na vizazi vingi vya Ulaya na Marekani vikatokana na hao. Ukoo ukawa finyu, na ugonjwa wa Fanconi ukajitokeza: figo hushindwa kurudisha sukari na virutubisho mwilini, vikapotea kwenye mkojo. Dalili huja mbwa akiwa ameshakomaa, mara nyingi amekwisha kuzaa. Mwaka 1987 na 1988 wafugaji wa Marekani walirudi kaskazini mashariki mwa Zaire kutafuta damu mpya, na mwaka 1990 chama kikuu cha mbwa cha Marekani kikawafungulia mbwa walioletwa daftari lake.

Ukiwapandisha wazazi wawili wanaobeba jeni ya Fanconi bila kuugua, kila mtoto ana uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kuugua. Mmoja akiwa hana jeni hiyo, hakuna mtoto atakayeugua. Kipimo cha moja kwa moja cha jeni hiyo kipo tangu 2011. Mfugaji wa kweli, wa mbegu yoyote, anayajua magonjwa ya ukoo wake na hakasiriki ukimuuliza kuhusu baba, babu, au magoti yanayoteguka, tatizo la kawaida kwa mbwa wadogo.

Chanjo ya kichaa cha mbwa, kwa kawaida kuanzia wiki ya 12, itakuwa juu yako mnunuzi. Panga siku yake na daktari wa mifugo kabla hujalipa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa ugonjwa huo huua watu 59,000 kwa mwaka, karibu wote kutokana na mbwa. Mtoto wako aking'atwa, osha kidonda kwa maji na sabuni dakika 15, umpeleke hospitali siku hiyo hiyo.