Posta ndogo inapobaki na dirisha tu, dawa ya mgonjwa inafikaje?

Nchini Marekani, mgonjwa wa kisukari anaweza kuletewa insulini nyumbani kwa posta. Wizara inayohudumia askari wastaafu hutuma kwa njia hiyo takriban asilimia 80 ya dawa za wagonjwa wasiolazwa.

Kwa hiyo mageuzi ya posta ya huko si habari ya barua tu. Chini ya mpango wa miaka 10 uliotangazwa Machi 2021, wasambazaji wanahamishwa kutoka baadhi ya posta ndogo kwenda vituo vikubwa. Cha kwanza kilifunguliwa Athens, Georgia, Novemba 2022. Dirisha la stempu linabaki palepale. Anayehama ni yule anayeleta mzigo mlangoni, na wengine sasa huanza safari mbali zaidi.

Shirika la posta linasema gharama zitapungua. Sawa, lakini insulini ikikaa kwenye joto hupoteza nguvu.

Una mzazi au mtoto huko anayeletewa dawa? Mkumbushe aagize mapema, akiwa bado na akiba ya siku kadhaa, na awepo mtu wa kupokea. Insulini ikifika ina joto, ampigie mfamasia kwanza kabla ya kujichoma sindano.