Bango Hulisha Turubai: Tijara ya Mchoraji wa Bunia

Mtu aingiaye Bunia kwa barabara itokayo Komanda, mwili mzima umemtapakaa vumbi la safari, hukutana na kazi za wachoraji wa mji huu muda mrefu kabla hajamwona mchoraji hata mmoja. Maana juu ya mlango wa kinyozi amechorwa mtu aliyenyolewa vizuri kuliko yeyote atakayetoka humo, ubavuni mwa duka la dawa nyoka amejiviringisha katika kikombe chake, na kwenye nyumba za wanunuzi wa dhahabu imechorwa mizani ya rangi ya manjano ambayo, kwa kuwa ni rangi tupu, haijapata kumpunja mtu.

Kazi hizo wengi wazionao hawazihesabu kuwa sanaa, na aghalabu hata wazifanyao hawazihesabu. Mwombe mchoraji anayejitegemea akuonyeshe kazi yake, naye atalipita bango la kinyozi bila ya kulitazama, akupeleke chumbani akakufunulie turubai zilizoegemezwa ukutani, ambazo watu wa mji, kwa kufuata Kifaransa, huziita tablo: wavuvi wa Ziwa Albert wakivuta nyavu Kasenyi, wachimba dhahabu wa Mongbwalu wakiwa wamezama kiunoni katika matope, soko, msitu, sura ya mama mzee. Walakini mtu wa hesabu ataona mambo kwa mpango mwingine. Bango ndilo linalolipa kodi ya chumba kile, ndilo linalonunua rangi za turubai zile, na katika mji ambao wanunuzi wa tablo huja na kuondoka kama mvua, ndilo lililo karibu zaidi na kitu kiitwacho rasilimali.

Tuitazame gharama. Neema moja ya bei nafuu ni mbao, kwa kuwa Ituri ni nchi ya msitu, na mbao za Mambasa husafirishwa mpaka Uganda na Kenya. Kwa hiyo fremu haimtoi mchoraji jasho. Kitambaa ni amerikani, ambayo huwambwa juu ya fremu, ikapakwa gundi na rangi nyeupe ya ukutani mara mbili au tatu hata ikakubali kazi. Na turubai halisi ya dukani ni anasa ya siku ya bahati. Taabu imo katika rangi. Rangi ya kupaka milango na magari hupatikana katika duka lolote la vifaa vya ujenzi, lakini rangi za mafuta na akriliki zitengenezwazo kwa ajili ya wachoraji, pamoja na brashi laini, aghalabu huagizwa Kampala kwa mkono wa msafiri au mfanyabiashara, naye huchukua ujira wake, na barabara inapofungwa kwa sababu ya vita, hakuna kinachopita, si rangi wala unga.

Natuseme, kwa mfano tu, kwamba tablo imeuzwa dola 50. Tukiondoa kitambaa na mbao, rangi iliyoagizwa mbali, nauli ya pikipiki na vocha za simu za kumfuatilia mnunuzi, huenda mchoraji akabakiwa na dola 28 kwa kazi ya siku sita. Bango la dola 30, ambalo mwenye duka ameleta rangi yake mwenyewe na kutoa arubuni ya nusu kabla brashi haijaloweshwa, humwachia karibu fedha yote kwa kazi ya siku moja na nusu. Mwenye akili ya biashara tupu angeacha tablo kesho. Kwamba haachi ni jambo ambalo hesabu haina safu yake, nami sitajidai kulitafutia.

Arubuni hiyo ndiyo tofauti kubwa kati ya masoko haya mawili. Bango huagizwa kwanza kisha likachorwa. Tablo huchorwa kwanza kisha ikamtafuta mwenyewe. Katikati yake ipo picha ya sura, inayochorwa kwa kufuata fotografia: ya bibi na bwana arusi, ya askofu, na mara nyingi ya marehemu, kwa kuwa mji huu umezika watu wengi. Hii nayo ina arubuni, na mteja wake ni mwenyeji, haondoki na ndege. Ila ana ugumu wake, maana kila jamaa wa marehemu ana kumbukumbu yake ya pua ile, na mchoraji hulazimika kuirudia mpaka familia nzima iridhike.

Malipo yenyewe yana elimu yake. Bei hutajwa kwa dola, fedha huhesabiwa kwa faranga za Kongo, na kwa kuwa kila mmoja ana kima chake cha kubadilishia alichokisikia asubuhi, ugomvi mdogo huzuka hata baada ya bei kukubaliwa. Na dola yenyewe, kama kila mtu wa Kongo ajuavyo, ikiwa na mchaniko wa upana wa unywele haipokewi tena na mtu. Hivyo utamwona msanii ameinua noti juani, anaikagua kwa makini kuliko mnunuzi alivyoikagua picha. Fedha za simu zimepunguza udhia huo, ingawa zina makato yake.

Wala asidhani mtu kwamba kulisha turubai kwa bango ni aibu ya miji ya pembezoni. Chéri Samba, ambaye leo jina lake lajulikana katika majumba ya sanaa ya Ulaya na Marekani, alizaliwa mwaka 1956 katika Kongo ya Chini, akafika Kinshasa mwaka 1972 akaajiriwa na wachora mabango, na mwaka 1975 ndipo alipofungua karakana yake. Miaka 14 baadaye, mwaka 1989, picha zake zilitundikwa Paris katika maonyesho ya Magiciens de la terre. Desturi yake ya kuandika maneno ndani ya picha, ili mpita njia asimame asome, ni hila ya mtu aliyejifunza tijara barabarani. Naye Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa mbao za bei rahisi na rangi ya kung'aa ya dukani, kwa sababu ndizo alizozimudu. Na ule mng'aro uliozaliwa na uhaba ndio ambao wageni walikuja kuupenda.

Lakini kisa kinachowahusu zaidi watu wa Bunia ni cha Tshibumba Kanda-Matulu, mzaliwa wa Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1947. Yeye alichora juu ya vitambaa vya magunia ya unga, akazunguka nyumba hata nyumba akiuza picha ambazo watu walipenda kuzitundika sebuleni: mamba muntu, yule mwanamke nusu samaki wa majini, siku za utawala wa Mbelgiji, askari na wafungwa wao. Katika miaka ya 1973 na 1974 alikutana na mtaalamu Johannes Fabian, akamchorea historia ya nchi nzima kwa picha 101, na mazungumzo yao, ambayo yalifanywa kwa Kiswahili cha Shaba, yakaja kutolewa kitabuni mwaka 1996. Mnunuzi mmoja alimwezesha kuchora alichotaka yeye. Mnunuzi huyo alipoondoka, wenye kuta za sebule ndio waliobaki, na baada ya mwanzo wa miaka ya 1980 habari za mchoraji zimepotea.

Bunia nayo imekuwa na mnunuzi wa namna hiyo, ila yeye si mtu, ni jamii nzima ya wageni. Tangu vita vya 1999 hadi 2003, walipofika askari wa Operesheni Artemis ya Umoja wa Ulaya mwezi wa Juni 2003 na baada yao majeshi ya Umoja wa Mataifa, mji ulijaa watu wenye mishahara ya dola na kuta za nyumba za kupanga, ambao mwisho wa mkataba walitaka kitu cha kukumbukia. Mashirika yao, mbali na watumishi wao, yalihitaji mabango ya kuwafunza watu: kunawa mikono, chanjo, dalili za Ebola wakati wa maradhi yale yaliyotangazwa Agosti 2018 na kwisha Juni 2020. Hiyo ilikuwa kazi yenye barua, mkataba na malipo ya tarehe maalumu, na humo wapo waliojifunza kuandika ankara kabla hawajajifunza kutia vivuli.

Sasa kisima hicho kinapungua maji. Mwaka 2025 Marekani, iliyokuwa ikilipia sehemu kubwa ya misaada ya Kongo, iliufunga mkono wake, na mashirika yakapunguza watu. Mwisho wa Januari mwaka huohuo Goma ilitwaliwa na waasi wa M23 na uwanja wake wa ndege ukafungwa, na mchoraji wa Bunia akapotewa na mji wa karibu uliokuwa na wageni na tamasha la kila mwaka. Aliyekuwa amewaacha wenye maduka kwa kuwafuata wageni hurudi kwa kinyozi akiwa na brashi mkononi, akakuta kijana mwenye mashine ya kuchapa mabango ya plastiki ameketi mahali pake. Huyu ndiye mshindani wa kweli, na sioni anayemsema vya kutosha: bango la plastiki hukamilika kwa saa moja, ingawa jua hulipausha upesi.

Lipo neno la kusemwa kuhusu jina. Katika msitu wa Ituri, Wambuti hutwanga gome la ndani la mti mpaka liwe nguo laini. Wanaume ndio watwangao, na wanawake ndio wachorao, kwa maji ya tunda la gardenia yaliyochanganywa na makaa, mistari ikatwayo ghafula na kuanza upya mahali usipotazamia. Nguo hizo zilinunuliwa na wakusanyaji wa Ulaya na Marekani, zikatiwa fremu na kutundikwa katika majumba ya maonyesho kwa bei nzuri, na chini yake aghalabu kukaandikwa kabila tu. Katika msitu huohuo, pale Epulu, aliishi kuanzia miaka ya 1940 mchoraji Mmarekani Anne Eisner, naye picha zake zajulikana kwa jina lake. Wote walitazama miti ileile. Mmoja alikuwa na jina sokoni, na jina ndilo linaloiwezesha bei ya picha ya pili kuwa juu ya bei ya picha ya kwanza.

Ndiyo sababu namshauri mchoraji atie sahihi hata kwenye bango, pamoja na nambari ya simu, kwa kuwa hakuna tangazo la bei rahisi kuliko hilo. Wengi huonyesha picha zao kwa WhatsApp na Facebook, na ni vyema. Lakini ukurasa wa simu huwafikia wale wanaokufahamu, ilhali bango huwafikia wasiokufahamu. Njia ya tatu, ya kuweka tablo hotelini au dukani kwa mali kauli, ina faida pale tu palipo na maandishi: bei ni ipi, fungu la mwenye hoteli ni lipi, na picha ikiloa mvua hasara ni ya nani. Sheria ya Kongo ya Aprili 1986 inalinda haki za mtunzi, na tangu 2011 lipo shirika la SOCODA la kuzikusanyia malipo. Lakini katika shughuli ya kila siku karatasi yenye sahihi mbili hufika mbele kuliko sheria.

Na soko kubwa liko wapi? Kinshasa, yenye chuo chake cha sanaa kilichoanza mwaka 1943, iko mbali kwa zaidi ya kilomita 1,700 za angani. Kampala haifiki 300, nayo ina shule ya sanaa ya Makerere, iliyoasisiwa na Margaret Trowell katika miaka ya 1930, na Nommo Gallery ya tangu 1964. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na kwa karatasi mpaka umelegea. Lakini njia ya Mahagi hutegemea usalama wa siku, na njia ya ziwa hutegemea mashua. Tablo huvuliwa fremu, ikaviringishwa na kutiwa ndani ya bomba la plastiki la maji, mbao zikaachwa nyuma. Huko forodhani afisa hulifungua bomba, hukunjua kitambaa juu ya meza, humtazama mvuvi wa Kasenyi na nyavu zake, kisha huuliza kitu hiki thamani yake ni kiasi gani. Na mchoraji, ambaye chumbani kwake angetaja dola 50 bila ya kusita, husimama akifikiri ataje nyingi kwa ajili ya heshima yake au chache kwa ajili ya ushuru.